Kidude cha shilingi 1,800 na taa ya injini iliyoniwakia Mida

Gari nililinunua yadi moja Mombasa, limeshatumika Japani, injini ya sisi 1300. Lilikuwa safi, linanukia manukato mpaka unashuku. Nilipofungua swichi, taa zote za dashibodi ziliwaka, na injini ilipokubali zikazima zote, kama inavyotakiwa. Muuzaji akanambia, "Hili halina neno, bwana wangu. Ni kutia mafuta na kwenda."

Nikenda. Kilifi nikasimama kutia petroli, nikawasha tena, nikapita Matsangoni. Nakaribia Mida, ikachomoza ile taa ya manjano yenye umbo la injini. Ilitulia tu, haikumetameta. Ingemetameta ningeegesha pale pale, kwa sababu hapo injini inakosa moto na petroli isiyoungua huenda kuunguza chujio lililo ndani ya ekzosi. Nikafika nayo Malindi polepole, roho mkononi.

Fundi wa kwanza, huku Maweni, hata boneti hakufungua. "Sensa ya oksijeni hiyo. Elfu tisa na mia tano." Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikaagiza kisoma makosa cha OBD2, yaani mfumo wa gari wa kujichunguza na kuandika makosa yake.

Ni kidude kidogo kama kibiriti. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, kisha simu inakisoma kwa Bluetooth. Kuitafuta hiyo soketi kulinichosha kuliko kazi yenyewe: nimelala kichwa chini, miguu nje, watoto wa jirani wananicheka. Kikatoa namba P0171, yaani hewa inazidi petroli. Namba hiyo haikwambii kibadilishwe nini. Yaweza kuwa hewa inapenya mahali, sensa ya hewa imechafuka, au pampu ya petroli imechoka.

Kilichonitoa jasho ni mstari mwingine kabisa: kilomita 127 tangu kumbukumbu ya makosa ifutwe. Kutoka yadi mpaka mlangoni kwangu nilihesabu 121. Kwenda Maweni na kurudi, sita. Basi taa ile ilizimwa siku ile ile, mimi nikiwa njiani naenda na pesa zangu mfukoni! Muuzaji awe alitumia mashine au alichomoa waya wa betri, mimi yote sawa.

Fundi wa pili, mzee wa Barani, nilimwonyesha namba kwenye simu. "Mwanangu, tulisikilize kwanza." Akawasha, akainama, akapitisha mkono kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini. Mkunjoni umepasuka, na juu yake umezungushiwa teipu nyeusi ya umeme, imelegea kwa joto. Mpira mwingine, mtumba, 1,200, na ufundi 500. Tukafuta kosa, nikaliendesha mpaka Mambrui na kurudi. Leo wiki ya tatu, taa haijarudi, na lile tetemeko la injini nikisimama, ambalo nilidhani ndiyo tabia yake, limeisha.

Kasoro za kidude zipo. Programu yake imejaa matangazo na yote ni Kiingereza. Kwa iPhone ya mke wangu kilikataa katakata, ikabidi simu yangu. Taa ya mifuko ya hewa na ya breki za ABS hakizisomi, hizo zataka mashine kubwa. Na ukikisahau kwenye soketi siku nyingi kitainyonya betri. Tena kufuta kosa ni rahisi mno, kubonyeza mara moja tu, na sasa najua nani mwingine analijua hilo.

Nyota nne kati ya tano. Jirani yangu anakwenda Mombasa Jumamosi kuangalia gari, nimemwazima. Nimemwambia akichomeke kabla ya kuuliza bei, atazame kilomita kwanza, hata kama dashibodi haina taa hata moja.