Miezi minane na KEF R7 sebuleni kwetu Moshi

Kabla ya spika zenyewe, hizi KEF R7 ndefu za kusimama sakafuni, sebuleni kwetu yalitangulia maboksi. Niliomba maboksi matupu ya friji kwenye duka moja pale Double Road, nikayakata na kuyazungushia solotepu hadi yakawa na upana wa sentimita 20, kina kama 40 na kimo cha mita 1.1. Nikayasimamisha kushoto na kulia kwa TV, tukaishi nayo wiki mbili. Mama aliposhuka kutoka Kibosho akauliza kama tunahama.

Cheka tu, ila fanya hivyo kabla hujatoa hela. Siku ya tatu tulishajua mambo ambayo picha za mtandaoni hazisemi: boksi la kulia linagongwa na mlango wa korido, la kushoto linakula nusu ya dirisha, na mtoto wetu wa miaka minne anayakumbatia kila akipita. Mke wangu alikuwa amenionya mapema: "Lete chochote, ila usiniletee kabati la pili." Baada ya wiki mbili akasema wembamba ule anauweza, ila rangi achague yeye.

Rangi ilipunguza orodha haraka. Nyeusi ya kung'aa ilikataliwa palepale, maana vumbi la Moshi la mwezi wa tisa linajulikana, na alama za vidole vya watoto zinajulikana zaidi. Klipsch, zile za Marekani zenye koni (sahani za spika zinazotikisika) za rangi ya shaba, mimi nilizipenda. Mwenzangu akauliza kwa nini nataka kutundika sufuria ukutani. Bowers & Wilkins za ngazi ya juu, zenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) iliyokaa peke yake juu ya boksi, nilizifuta mwenyewe; na yule mkumbatiaji wetu ile twita isingemaliza wiki. Maduka mawili Arusha walinionyesha minara yenye taa za rangi na maandishi ya wati elfu kumi. Hizo ni sabufa zilizorefushwa, sina zaidi ya kusema.

KEF R7 nilizipata Njiro, kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ni toleo la 2018, sio lile la Meta lililokuja baadaye, na rangi yake ni ya mbao ya jozi. Ukiiweka karibu na seti yetu ya makochi ya mninga utadhani fundi ni mmoja. Bei sitaiandika hapa kwa sababu za amani ya nyumba. Tuseme bodaboda mpya na chenji ya kuiwekea mafuta muda mrefu. Tulizilaza kwenye Noah juu ya magodoro, na kwa kuwa kila moja inakaribia kilo 30, matuta yote ya Usa River na Kikatiti niliyapita kama nimebeba mgonjwa.

Sasa muziki. KEF ni Waingereza, walianza 1961 huko Maidstone, na kitu kilichowapa jina ni spika wanayoiita Uni-Q, waliyoitoa 1988. Badala ya twita kukaa juu na spika ya sauti za kati kukaa chini yake, twita imewekwa katikati ya koni yenyewe, kama kiini cha yai. Nilidhani ni urembo. Kumbe kwa nyumba ya Kiswahili ina maana kubwa, kwa sababu sisi hatukai sehemu moja. Mama yuko kwenye kochi, watoto wamelala kwenye mkeka, shemeji kasimama mlangoni na sahani. Spika ambayo twita na koni zimetenganishwa, ukiinuka au ukilala sauti inabadilika. Hizi, sauti ya mwimbaji haibadiliki sana. Dansi langu la zamani lilirekodiwa mono, yaani sauti ileile inatoka spika zote mbili, kwa hiyo ukikaa katikati unamsikia mtu kasimama palepale juu ya TV, na gita la rizimu, ambalo kwenye redio yetu ya zamani lilikuwa kama mtu anayekwangua nazi chumba cha pili, sasa unahesabu nyuzi.

Wiki ya kwanza lakini nilijuta. Nilizisukuma hadi ukutani, sentimita kumi hivi, kwa sababu ndivyo zinavyopendeza. Besi ikawa inavuma buuu, kila wimbo na besi ileile. R7 zina matundu mawili ya hewa kwa nyuma, na ukuta ukiwa karibu unaichochea besi. Yule mgeni aliyeniuzia alikuwa amepoteza vizibo vya sponji vya matundu hayo, nikaviiga kwa soksi. Nafuu ilikuwepo, ila dawa yenyewe ilikuwa kuzivuta. Kila jioni nilisogeza sentimita tano, nikaishia kwenye 45. Hapo besi ikawa na mwanzo na mwisho.

Shida ni kwamba kwenye 45 zinakuwa zimeingia sebuleni kama wageni waliokataa kukaa. Tulifikia makubaliano: nimebandika vipande vya solotepu kwenye vigae, alama ya ukutani na alama ya muziki. Wageni wakija zinarudi ukutani. Na hapo ndipo ninapoona watu wanakosea wanaponunua spika kubwa kwa uzuri. Wanachagua rangi na umbo, wanasahau kuuliza kama chumba kina nusu mita ya kuzipa kwa nyuma. Kama huna, nunua ndogo za kuweka juu ya stendi na ubaki na hela yako. Misumari ya chini ya spika nimeiwekea sarafu za shilingi mia mbili, vigae vyangu havijakwaruzika. Sebule ilikuwa inarudisha mwangwi ukipiga kofi. Pazia zito na zulia vimemaliza.

Aibu moja ni yangu. Kwenye kipaimara cha binti yetu nilifungulia sana, amplifaya yangu ya zamani ikajizima katikati ya kukata keki. Kwenye karatasi R7 zimeandikwa omu 8, lakini kuna mahali zinashuka hadi karibu omu 3, na omu (ukinzani wa umeme) zikishuka amplifaya inabeba mzigo mkubwa zaidi; na unyeti wake, yaani sauti inayotoka kwa umeme uleule, ni desibeli 88. Spika ya desibeli 91 ingetaka nusu tu ya wati kwa sauti ileile. Jirani akaleta sabufa yake, sherehe ikaendelea, na mimi nimeambiwa mara kumi na moja kwamba ya jirani ni ya laki mbili. Nimeshanunua amplifaya nyingine, na kidhibiti umeme juu yake.

Mama naye ameshazikubali. Ile ya kushoto ameivika kitambaa alichofuma mwenyewe, juu yake kaweka maua ya plastiki. Chombo cha maua kinalia besi ikiingia, kwa hiyo nakishusha akilala na kukirudisha asubuhi.

Yale maboksi bado ninayo stoo. Kama uko Moshi na unafikiria spika za kimo hiki, njoo uyachukue ukae nayo wiki mbili kwako. Ila uyarudishe, shemeji yangu wa Sakina ameshayawekea nafasi.