Levetirasetamu baada ya miaka tisa ya kabamazepini: tathmini ya mtumiaji

Kwa miaka tisa nilimeza kabamazepini, dawa ya kifafa, miligramu 400 asubuhi na 400 usiku, na ni haki niseme kwamba ilinitoa mbali, kwa kuwa kabla yake nilikuwa nikianguka mara mbili au tatu kwa mwezi, na baada ya kuizoea ikawa inapita hata nusu mwaka bila kuanguka. Kero yake ilikuwa macho. Ikikaribia saa nne asubuhi, maandishi ya ubaoni yalianza kunigawanyikia mawili mawili, na mwalimu wa Hisabati asiyejua kama ameandika 1 au 11 hana budi kuketi na kuwaachia wanafunzi zoezi mpaka hali ipite.

Hata hivyo, sababu ya kubadili dawa haikuwa macho, ilikuwa kijiti. Nilikwenda kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango, na muuguzi, ambaye mpaka leo namwombea heri, aliniuliza ni dawa gani nyingine ninazotumia kabla hata hajavaa glavu. Nilipomtajia kabamazepini alisimamisha kazi na kunirudisha kwa daktari wangu wa kliniki ya kifafa. Huko nilielezwa jambo ambalo kwa miaka tisa sikuwahi kulisikia: kabamazepini hulichochea ini kuzivunjavunja haraka dawa nyingine nyingi, zikiwamo homoni za kijiti na za vidonge vya majira, hata dawa mseto ya malaria, kiasi kwamba mtu anaweza kumeza dozi kamili asipate nguvu yake kamili. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haikufikiriwa kabisa, kwa sababu humdhuru mtoto aliye tumboni na mimi bado nina umri wa kuzaa. Levetirasetamu haiyumbishi kazi hiyo ya ini, na sehemu kubwa yake hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo nilipimwa figo kwanza, ndipo nikaandikiwa.

Huduma ya kliniki katika hatua hii ninaisifu bila kusita. Muuguzi alinichorea ratiba kwenye karatasi ya daftari, safu moja ya dawa inayoingia na nyingine ya dawa inayotoka: levetirasetamu miligramu 250 asubuhi na usiku kwa wiki mbili, kisha 500, kisha 750, na kabamazepini ikishuka kwa miligramu 200 kila baada ya wiki mbili, isikatwe ghafla hata kama najisikia mzima, kwa maana kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokoma. Nilionywa pia kwamba ini huendelea na ukali wake kwa muda, hivyo tuongeze kondomu kwa wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha kabamazepini. Karatasi ile niliibandika ndani ya mlango wa kabati, na sijui ningepitaje wiki zile bila hiyo, kwa kuwa zipo siku nilizokuwa nikimeza vidonge vya aina mbili kwa viwango ambavyo havikufanana na vya wiki iliyotangulia.

Hofu yangu ilikuwa ngozi. Nilikuwa nimesikia habari za wagonjwa waliobabuka ngozi kwa dawa za kifafa, na ingawa daktari alinieleza kwamba hatari hiyo hutajwa zaidi kwa kabamazepini niliyokwisha kuizoea kuliko kwa dawa mpya, kila alfajiri niliwasha tochi ya simu nikakagua mikono, kifua na ndani ya midomo. Sikuona kitu. Kilichonipata katika wiki mbili za mwanzo ni usingizi mzito wa mchana na kizunguzungu nikisimama ghafla, maudhi ambayo nilikuwa nimeambiwa niyatarajie na ambayo kweli yalipungua kabla mwezi haujaisha. Katika wiki ya sita, kabamazepini ilipobaki kidonge kimoja kwa siku, niliduwaa kwa sekunde chache nikiwa jikoni, sufuria mkononi, lakini sikuanguka.

Nikajiona nimevuka. Kumbe dhara lenyewe lilikuwa limeshaingia nyumbani kwa mlango ambao sikuulinda. Nilipofika miligramu 750 nilianza kukasirika kwa mambo ya kipuuzi: kijiko kilichoachwa kwenye beseni, mwanafunzi aliyesahau rula, kondakta aliyechelewesha chenji. Mimi mwenyewe sikuona badiliko lolote. Kwa macho yangu watu ndio walikuwa wamezidi uzembe. Aliyeona ni mume wangu, ambaye usiku mmoja aliniambia kwa upole, “Mama Neema, hasira hizi hukuwa nazo kabla ya dawa hii. Mtoto sasa ananiuliza mimi kwanza kama umeamka vizuri.” Nilimjibu kwa ukali, kisha nikalia.

Asubuhi nilichukua ile karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi, yenye herufi zinazohitaji miwani hata kwa mwenye macho mazima, na mle nikakuta uchokozi, wasiwasi, huzuni na wepesi wa hasira vimetajwa katika kundi la madhara yanayoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10. Nilikuwa nimeisoma karatasi hiyo mara tatu nikitafuta neno upele. Hapa nina lawama ndogo kwa kliniki niliyotoka kuisifu: walinieleza vizuri kuhusu usingizi, lakini hasira waliipitia kwa sentensi moja, na waliniambia mimi peke yangu, wakati mtu aliyefaa kuambiwa alikuwa ameketi kwenye benchi nje.

Nilipiga simu, nikaitwa siku ya tatu. Daktari aliniuliza waziwazi kama nimewahi kufikiria kujidhuru, swali lililonishtua ila nikalielewa, kisha akanirudisha kwenye miligramu 500 asubuhi na usiku. Nilimuuliza kuhusu vitamini B6, ambayo mwalimu mwenzangu alinishauri. Alisema wapo wanaoona nafuu lakini ushahidi wake si wa kutegemea, nami nikaiacha. Taratibu hasira zilishuka. Hazikwisha kabisa, bado nikikosa usingizi huzisikia zikipanda, ila sasa nazitambua.

Leo ni mwezi wa 11 tangu nianze, na sijaanguka hata mara moja. Namba za ubaoni zimetulia. Kijiti ninacho. Dawa yenyewe naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua si kwa ajili ya hasira tu, bali pia kwa bei, ambayo kwangu ni zaidi ya mara tatu ya ile niliyokuwa nikilipa, na kwa upatikanaji. Duka la dawa ninalolitumia limewahi kuishiwa mara mbili bila kunijulisha, na dawa hii haikai mwilini muda mrefu, ndiyo maana humezwa mara mbili kwa siku na kuruka dozi si jambo la kuchezea. Siku hizi naagiza zikiwa zimebaki siku kumi. Mara ya mwisho nilipewa za kiwanda kingine, vidonge vyeupe badala ya vya njano, jina la dawa na miligramu vikiwa vilevile; mfamasia alinionyesha lebo zote mbili bila mimi kumwomba.

Nilivianza Jumatatu. Daftari la kumbukumbu za hali yangu halikai tena kwangu, analo Baba Neema, na mpaka jana usiku alikuwa ameandika tarehe tu, bila tukio lolote.