Sleeping Beauty ya 1959, tafuteni kopi ambayo haijakatwa

Jamani kama mnaitaka hii katuni ya Disney ya binti mfalme Aurora aliyerogwa alale, msichukue tu kopi yoyote inayokuja mbele yenu. Mimi miaka yote nilikuwa naijua kwa diski niliyonunua mtaani, picha imejaa TV nzima nikajua ndo ilivyo, kumbe imekatwa kulia na kushoto, maana Disney waliitoa kwa filamu ya milimita 70 na picha yake ni pana mno, upana unazidi kimo zaidi ya mara mbili. Juzi nimeiangalia kamili na mtoto wa dada yangu, yani ni kama sikuwahi kuiona.

Hizo pembeni ndo kwenye utamu wenyewe. Mandhari ni kazi ya Eyvind Earle, alifuata michoro na mazulia ya ukutani ya Ulaya ya zamani, miti yake imenyooka kama nguzo, magome unahesabu mistari, na cha mbali kabisa kinaonekana wazi sawa na cha karibu. Pale Aurora anatembea peku msituni anaimba simamisheni picha muangalie tu. Na karibu kila mstari umetiwa wino kwa mkono, katuni yao ndefu iliyofuata ya 1961 wakaanza kutumia mashine ya kunakili michoro. Iligharimu kama dola milioni 6 na mwanzoni haikurudisha hela, inaniuma kweli.

Kinachonikera ni Aurora mwenyewe, akishaambiwa ni binti mfalme analia basi, hadi mwisho wa muvi hatumsikii tena, na Mary Costa aliyempa sauti ana sauti nzuri vile, zile nyimbo zimetokana na muziki wa baleti ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, angepewa ya kusema zaidi jamani. Stori wanaibeba wale wamama watatu wenye fimbo za uchawi, Flora, Fauna na Merryweather. Wanaziba madirisha na matundu yote kwa vitambaa uchawi usivuje nje, afu wawili wanaanza kugombania gauni la Aurora, Flora anataka pinki na Merryweather bluu, rangi zinatoka kwenye bomba la moshi na kunguru wa Maleficent, yule mchawi mbaya anayemtafuta binti, anaona. Mtoto alikuwa anapiga kelele "Mamdogo, wamesahau juu!"

Maleficent sasa, huyo hapigi kelele hovyo, Eleanor Audley kampa sauti ya upole inayotisha kuliko mayowe. Kuna sehemu naipenda sana, kamfunga mwana mfalme gerezani anamwonyesha atakavyotoka baada ya miaka 100, mzee wa mvi juu ya farasi aliyechoka. Kwenye hadithi ya mwandishi Mfaransa Perrault ya 1697 binti analala hiyo miaka 100 kweli, kwenye muvi imebaki kama tishio tu, ila linaingia moyoni.

Ni dakika 75 tu, haichoshi. Ila mwenye mtoto mdogo akae naye pale Maleficent anapogeuka joka, moto ule wa kijani na miiba vinatisha, wa kwetu ana miaka 6 alinishika mkono mpaka likafa.

Mwisho wanacheza dansi gauni linabadilika pinki, bluu, pinki, tumerudisha nyuma mara tatu. Yeye anasema pinki, mimi bado nasimama na Merryweather.