Konrodi za Manley kwenye EJ20 ya turbo: chuma kizuri, ila sio kila gari ya mtaani inazihitaji

Konrodi ni vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Hizi ni zile H-beam (zenye umbo la H) za kampuni ya Manley, ziko ndani ya Subaru Forester yangu SG5, injini EJ205, ambayo ni EJ20 yenye turbo ya kiwandani, busti, yaani presha ya hewa ya turbo, imepandishwa kidogo tu. Gari ya kwenda kazini na wikiendi Musoma, sio ya mashindano. Naandika kwa sababu vijana wengi hapa Mwanza wakishaweka turbo au kupandisha busti swali la kwanza ni konrodi, na wengi wanaambiwa nunua tu.

Kwa ubora sina neno. Ni za foji, yaani chuma kilichofuliwa, aina ya 4340, bolti ni za ARP 2000, urefu 130.5 mm sawa na za kiwandani na pini ya pistoni ni ile ile ya 23 mm, kwa hiyo hutafuti vitu vingine vya ajabu ili zikae. Uzito tuliupima kwenye mizani moja baada ya nyingine, zilikuwa zinalingana vizuri sana. Ila bei mzee, ukijumlisha usafiri na ushuru unakaribia hela ya injini ya mtumba kutoka Dar, ndo maana lazima ujue unanunua nini.

Konrodi inapata mateso ya aina mbili na watu wanayachanganya. Busti inaisukuma chini, inataka kuipinda. RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, inaivuta, inataka kukata bolti, na hii ya kuvuta ni mbaya zaidi pale pistoni inapofika juu ikimaliza kutoa moshi, maana hakuna presha yoyote ya kuizuia kwa juu, konrodi peke yake ndo inairudisha chini. Piga hesabu, stroki ya EJ20, yaani mwendo wa pistoni toka chini mpaka juu, ni 75 mm, chukua pistoni na ringi na pini zenye jumla ya gramu 600 hivi, kwenye RPM 7000 konrodi inavutwa kwa nguvu kama ya tani moja na nusu na zaidi, na hapo busti haijaingia kabisa kwenye hesabu. Ukitoka 6500 ukaenda 7500 mzigo huo unaongezeka kama theluthi nzima. Kwa hiyo ukipandisha busti bila kugusa limiti ya RPM, bolti haijaongezewa kazi ya kuvutwa, kilichoongezeka ni kusukumwa. Na kusukumwa kunauma zaidi kwa yule mwenye turbo ndogo inayojaa mapema anayekanyaga mpaka chini gia ya tano RPM 2500 akiwa anapanda mlima. Huyo ndo anapinda konrodi, sio yule wa kupiga kelele RPM 7000 na busti ya kawaida.

Sasa kwenye EJ205 ya mtaani konrodi ya kiwandani kwa kawaida sio ya kwanza kufa. Kinachotangulia ni pistoni, kale kaukuta kanakobeba ringi kanapasuka injini ikigonga (mafuta yakilipuka vibaya ndani) kwa sababu ya tuni mbovu, yaani kompyuta ya injini kupangwa vibaya, au mafuta mabaya, au beringi za konrodi zinakufa kwa oili kupungua. Konrodi ikitoboa bloku watu wanalaumu konrodi wakati beringi ndo ilishaondoka zamani. Kwa hiyo kama injini yako nzima na busti ni ya kiasi, mi ningesema hela peleka kwenye tuni nzuri, oili, na kusikiliza kama inagonga. Konrodi nunua siku injini inafunguliwa kwa ovaholi, maana bloku ya Subaru lazima ipasuliwe nusu mbili ndo ufike huko ndani, kazi ni ile ile, ukifunga tena za zamani halafu ukazitaka mwakani unalipa fundi mara mbili. Mimi yangu ilikuwa inafunguliwa, na pistoni za foji ziliingia siku hiyo hiyo.

Na hapa nimsifu fundi aliyenipimia, mkerezaji wa Nyakato, mtu mzima mtaratibu. Alipima kila jicho kubwa la konrodi na kila jarida la krenki (pale konrodi inapozungukia) kwa maikromita, jarida ni la 52 mm na nafasi ya oili akaiweka karibu na 0.05 mm. Bolti hakukaza kwa kusikilizia mkono, alipima inavyorefuka kwa geji huku anakaza. Hiyo ndo nusu ya thamani ya hizi konrodi, bila hiyo umenunua chuma ghali cha kufungia kwa kubahatisha.

Kitu kingine cha huku kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kama una busti kontrola (kifaa cha kupanga presha ya turbo) ya kukaza kwa mkono na geji inasoma bar 1 hapa, ukishuka Dar geji itasoma bar 1 hiyo hiyo lakini hewa inayoingia ni zaidi kwa kama asilimia 7, konrodi na pistoni zinasukumwa zaidi. Tuni iliyokaa sawa Mwanza iangaliwe tena kabla hujaikanyaga Kibaha.

Na mvua ikipiga, Mto Mirongo ukimwaga maji barabarani, usidhani foji itakuokoa. Maji hayagandamiziki, injini ikiyavuta hata konrodi ya bei gani inapinda.

Nyota nne. Moja naikata kwa bei tu. Ukiagiza usishawishike na bolti za L19 eti kali zaidi, ni kali kweli lakini hazitaki unyevu wala jasho la mkono, zikipata kutu kidogo zinaweza kupasuka, na stoo zetu za karibu na ziwa unazijua. ARP 2000 zinatosha kabisa kwa gari ya barabarani.