Nimelipia chicha shilingi 7,000

Kwetu Tanga, nazi ikishakunwa kwenye mbuzi na tui likapita kwenye kifumbu, chicha inayobaki ni ya kuku. Ikizidi unasugulia masufuria. Sasa juzi hapa Dar nimetoa shilingi 7,000 kwa nusu kilo ya "unga wa nazi", pakiti nzuri yenye mnazi wa kijani na maneno "nyuzinyuzi nyingi, hauna gluteni", yaani ile protini ya ngano. Binti yangu ngano inamsumbua tumbo, kwa hiyo sikuuliza mara mbili. Nyumbani ndipo nikasoma nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani: nazi iliyokamuliwa tui, ikakaushwa na kusagwa.

Chicha!

Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini nisijifanye mjanja, mbele wangeandika "chicha" nisingeigusa. Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel waliwahi kuwapa watu majina mbalimbali ya vyakula vinavyotokana na mabaki kama haya, na lililopendwa kuliko yote ni lile lenye maana ya kupandishwa hadhi. "Kusindikwa upya" halikufua dafu. Basi ndiyo mimi huyo, nimenaswa na mnazi.

Chapati za kwanza zilikuwa aibu. Unga huu unakunywa maji kama mchanga na hauna kinachoushikanisha, zikameguka hata kabla ya kufika kwenye kikaango. Pakiti haina mstari mmoja wa mapishi! Nafasi ya kuchora mnazi wamepata. Siku ya pili nikapika vibibi: sehemu moja ya unga huu kwa tatu za unga wa mchele, mayai mawili, tui, iliki, nikauacha nusu saa unywe vizuri. Hapo sasa. Harufu ya nazi nyumba nzima, na binti hakulalamika tumbo.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne wataipata wakiweka mapishi na kukuza hizo herufi za nyuma.

Shangazi alikula vitatu ndipo nikamwambia ni nini.

"We mwanangu, umenilisha chakula cha kuku?"

Akachukua cha nne. Jioni nikamsikia kibarazani akimsimulia jirani: "Vibibi vya unga wa nazi, mwenzangu, wa dukani." Chicha hakuitaja.