Tangi lipi la maji ya mvua ununue, na nini kitangulie kabla ya tangi

Watu wengi wakianza kuvuna maji ya mvua wanakimbilia tangi, tena kubwa, halafu hela ikishakata ndo wanakumbuka kuna gata za kununua, wanaishia kufunga upande mmoja tu wa paa. Nilifanya hivohivo mimi, tangi likapita msimu mzima halijafika nusu na mvua ilinyesha vizuri tu. Iliniuma sana. Kwa hiyo kabla sijakupangia matangi naomba upime paa kwanza.

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina paa la mita za mraba 48 (pima urefu na upana wa nyumba ukiwa chini, usifuate mteremko wa bati), mvua ya milimita 20 inakuletea lita 960, toa yanayoruka na kuvuja njiani kama asilimia 20 hivi, unabaki na karibu lita 770. Halafu geukia matumizi: watu 5, kila mmoja lita 20 kwa siku, kiangazi cha siku 60, hapo unahitaji lita 6,000. Nenda dukani ukiwa na namba hizo mbili kichwani.

Namba moja kwangu ni tangi la plastiki, jeusi, la kukaa juu ya ardhi. Halishiki kutu, linakuja limekamilika, ukihama unahama nalo, na likichafuka unaliosha bila shida. Weusi sio urembo, mwani hauoti bila mwanga, na tangi linalopitisha mwanga litakupa maji ya kijani. Dukani jaribu hivi: mtu awashe tochi ya simu aibane ubavuni kwa nje, wewe chungulia ndani, ukiona mwanga unapenya achana nalo. Uliza pia kama plastiki yake ni ya maji ya kunywa na kama imetengenezwa kuhimili jua. Ila sasa hapa ndo wengi wanaumia, pale tangi linapokalia. Lita 5,000 ni tani 5, na tani 5 hazikai juu ya matofali yaliyopangwa tu au udongo uliosawazishwa kwa jembe, jirani yangu aliweka hivyo, upande mmoja ukatitia na paipu ya kutolea ikang'oka maji yote yakaenda. Mwaga zege, liwe bapa, na lizidi upana wa tangi ili hata ukingo wake usining'inie. Na tangi tupu upepo mkali unalibeba, kwa hiyo lifunge au liachie maji kidogo.

Namba mbili ni la kujengewa, lile la saruji iliyopigwa juu ya waya wa kuku na nondo. Ukitaka ujazo mkubwa, tuseme lita 10,000 kwenda juu, mara nyingi hili ndo linakupa lita nyingi zaidi kwa hela yako, na likipata ufa unazibwa. Tatizo lake ni fundi. Fundi mwenye haraka atapiga plasta leo na kesho haonekani, wakati saruji inatakiwa imwagiliwe ibaki na unyevu walau wiki nzima, zikifika mbili vizuri zaidi. Mkubaliane hilo kabla hujamlipa. Maji ya kwanza yatakuwa na ladha ya saruji, mwaga au fulia.

La tatu, la chini ya ardhi. Nalipenda kwa nyumba yenye kiwanja kidogo na maji yake yanabaki ya baridi, lakini utahitaji pampu, ufa hauuoni, na uchafu wa ardhini unaweza kupenya ukaingia, kwa hiyo likae mbali na choo. Mfuniko uwe mzito na wenye kufuli, kama kuna watoto nyumbani hapo usilegeze kabisa.

La nne ni la bati. Linaanza kuoza kwenye kitako na kwenye maungio, so kama lazima ulichukue basi liwe na utando wa ndani.

Mapipa ya lita 200 nayaweka mwisho, ile mvua ya milimita 20 tu ingejaza karibu manne. Ila kama hela ndo hiyo, anza nayo, hakuna ubaya. Hakikisha tu unajua lilibeba nini kabla, pipa lililowahi kuwa na dawa ya shamba au kemikali haliwi safi hata ulisugue vipi.

Gata zizunguke paa lote linalowezekana, mteremko sentimita 1 kila mita. Maji ya mwanzo yanasomba vumbi na kinyesi cha ndege, yasiingie tangini, tenga kama lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani kwa paa letu lita 48. Mafundi wengi hufunga kipande cha paipu ya inchi 4 chenye urefu wa mita moja, hicho kinabeba lita 8 tu, hakitoshi, bora pipa dogo la lita 50 lenye kitundu cha kujikausha taratibu. Paipu ya kumwagia maji yakizidi iwe nene sawa na ile ya kuingizia. Kila tundu litiwe neti ya mbu, matundu yake yasizidi milimita 1, na koki ikae sentimita 10 juu ya kitako cha tangi lenyewe ili tope libaki chini. Ya kunywa chemsha, na kama paa lako ni la asbesto au lina rangi ya zamani yenye madini ya risasi, maji hayo usiyanywe hata yakichemshwa.