Kuziba boti ya alumini iliyolegea: uzoefu wangu na Gluvit, ribiti na vijiti vya kuyeyusha

Gluvit, epoksi ya kuzibia boti zinazovuja, inafanya kazi, ila si ile kazi ambayo wengi wanainunulia. Nimeitumia kwenye Alumacraft ya futi 14 ya miaka ya 1970, aina ambayo bado imejaa kwenye maziwa ya Minnesota: bati la alumini lililoungwa kwa ribiti (pini za alumini zinazopondwa zishike mabati pamoja), mabenchi matatu, na ubao wa tezi pale mashine inapofungwa. Boti hizi ni nadra kufa kwa kutoboka. Zinalegea. Kila boti inapopiga wimbi, ribiti inacheza kidogo ndani ya tundu lake, tundu linapanuka na maji yanapata njia. Gluvit ni epoksi ya majimaji inayopenya kwenye nafasi hizo na kugandia humo. Haikazi ribiti. Ukiipaka juu ya ribiti inayocheza, epoksi itapasuka na ribiti itaendelea kucheza.

Kwa hiyo kwanza uvujaji, halafu ribiti, na kopo la epoksi mwisho.

Kutafuta panapovuja, boti ikae kwenye trela, mashine na betri zitolewe, na umwage maji ndani badala ya kuisukuma ziwani. Kina cha kufunika ribiti za chini kinatosha, sentimita 8 hivi. Usijaze zaidi. Sakafu ya mita 3 kwa mita 1.2 yenye maji ya sentimita 10 tayari imebeba kilo 360, na boti imeundwa ibebwe na maji kutoka nje, si kuyabeba ndani huku imekalia roli chache za trela. Kausha tumbo lote kwa nje, kisha paka unga wa chaki kwenye mishono na safu za ribiti. Chaki inageuka rangi pale pale maji yanapotokea. Bila chaki utadanganyika, maana tone hutembea na mshono na kuanguka mbali na tundu lake. Weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika: duara kwa ribiti inayotoa jasho tu, msalaba kwa inayodondosha.

Za duara kwa kawaida zinakazika. Unahitaji nyundo ya hewa yenye kichwa cha kikombe kinacholingana na kichwa cha ribiti, na mtu wa pili ndani ya boti ameshikilia kipande kizito cha chuma nyuma yake. Piga kwa sekunde moja au mbili, angalia, piga tena. Ukikazana kupiga, bati linalozunguka ribiti linatanuka na kuwa jembamba, na jirani yake inaanza kuvuja. Nyundo ya mkono nayo inaweza, ila ni polepole na kichwa hutoka kimepinda.

Za msalaba zitolewe. Gonga alama katikati ya kichwa, toboa kwa kekee hadi kina cha kichwa tu, kisha king'oe kwa patasi nyembamba na usukume mwili wa ribiti utoke. Usitoboe moja kwa moja hadi ng'ambo. Kekee ikiyumba kidogo tu unapata tundu la yai, na ribiti ya kipimo kile kile haitalijaza tena. Boti nyingi za aina hii zina ribiti za inchi 3/16, yaani milimita 4.8. Tundu likishaharibika, panda hadi inchi 1/4, mradi libaki bati la kutosha kati ya tundu na ukingo.

Urefu wa ribiti ndio unaokosewa mara nyingi. Chukua unene wa mabati yote yanayoungwa, ongeza kipenyo cha ribiti mara moja na nusu. Mabati mawili ya milimita 1.6 ni 3.2, ongeza 7.2 unapata 10.4, kwa hiyo ribiti ya inchi 7/16 ndiyo iliyo karibu, wala si ya 3/8. Ikiwa fupi, kichwa cha ndani hakina nyama ya kutosha. Ikiwa ndefu mno, inalala ubavu kabla haijavimba. Kichwa kilichotoka vizuri kina upana wa milimita 7 hivi na kimo cha 2.4. Mimi huchovya kila ribiti kwenye 3M 5200, gundi ya kuziba ya baharini, kabla ya kuipachika, halafu nafuta inayobubujika kabla haijakauka, kwa sababu ikishakauka kuitoa ni kazi ya kisu.

Ribiti za kuvuta kwa koleo ni za pale tu ambapo mkono hauingii, kama kwenye ncha za mabenchi. Za kawaida zina tundu katikati linalopitisha maji, na nyingi zina msumari wa chuma unaobaki ndani na kuota kutu. Tafuta zenye kitako kilichozibwa, mwili wa alumini na msumari wa alumini. Duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwa kawaida halina. Maduka ya vifaa vya boti wanazo.

Sasa Gluvit yenyewe. Nusu ya kazi ni usafi. Paka upande wa ndani, ambako jua na mawe ya ufukweni haviifikii. Toa kwanza silikoni yote ambayo wenye boti waliotangulia walipaka, na daima kuna mmoja aliyepaka silikoni. Epoksi haishiki juu yake wala juu ya utando usioonekana unaobaki baada ya kuikwangua. Sugua kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta, suuza, acha boti ikauke kabisa pamoja na ndani ya mishono, halafu futa kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kwa kukwangua tumia brashi ya nailoni au ya chuma cha pua. Pamba ya chuma na brashi ya chuma cha kawaida huacha vipande vidogo vinavyoota kutu na kuanza kula alumini chini ya rangi.

Changanya kidogo kidogo kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na upime kwa mizani ya jikoni, si kwa jicho. Epoksi iliyorundikana kwenye kikombe hujipasha yenyewe na kuganda kabla hujafika nusu ya boti, kwa hiyo imwage kwenye trei pana. Pasha mshono kwa feni ya hewa moto, bati liwe la joto ambalo kiganja kinavumilia. Hapo epoksi inakuwa nyepesi na unaiona ikizama pembeni mwa kichwa cha ribiti, kisha utando wake unabonyea kidogo. Ongeza hapo hapo mpaka isibonyee tena. Inua upande mmoja wa trela ili mshono unaoupaka uwe wa chini kabisa, maana epoksi ya majimaji haipandi mlima. Mipako miwili myembamba inashinda mmoja mnene. Usipake kwenye baridi ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Haitakauka sawasawa na itabaki inanata.

Baada ya hapo nilirudia jaribio la maji. Ribiti zilizokazwa au kubadilishwa kisha zikapakwa zilibaki kavu. Mshono wa mkuku ndio uliofaidika zaidi, kwa sababu pale mabati yanapishana kwa urefu mrefu na hakuna nyundo inayoweza kufunga kila pengo.

Vile vijiti vya alumini vinavyoyeyuka kwa moto wa gesi, vinavyotangazwa kila siku kwa video za makopo ya soda, sivipendekezi kwa tumbo la boti. Vingi ni mchanganyiko wenye zinki nyingi na vinayeyuka karibu nyuzi 390, wakati alumini yenyewe inahitaji zaidi ya 600. Kinachotakiwa kuyeyusha kijiti ni bati, si mwali. Bati la boti linasambaza joto haraka mno, na unapofika nyuzi hizo umeshaunguza gundi ya ribiti jirani na povu lililo nyuma ya benchi. Kwenye ufa wa zamani kuna mafuta na tope ambavyo brashi haivifikii, hivyo kijiti kinakaa juu kama nta. Kwa ufa wa kweli, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee kutembea, kisha weka kiraka cha bati la 5052 (aina ya alumini inayovumilia maji) kwa ribiti na gundi ya 5200, au mpelekee fundi wa kuchomelea kwa TIG aliyezoea bati jembamba.

Ubao wa tezi karibu siku zote umeoza kwenye boti za umri huu. Usibadilishe kwa plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa za siku hizi zina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Chukua plaiwudi ya baharini, vipande viwili vya inchi 3/4 vilivyogandishwa kwa epoksi upate inchi 1.5, na uupake wote epoksi mara tatu, kingo zikipewa zaidi. Matundu ya bolti yatoboe makubwa, yajaze epoksi, kisha yatoboe upya kwa kipimo sahihi. Maji yakipenya kwenye bolti yatakutana na epoksi, si mbao.

Kuhusu kuondoa mabenchi ili kupata sitaha pana ya kusimama kama boti za kisasa: benchi la katikati ndilo linalozuia mbavu zisipanuke. Ukilikata bila kuweka mataruma ya alumini kutoka ubavu hadi sakafu, ribiti zote ulizokaza zitalegea upya. Ndani ya mabenchi kuna povu la kuelea pia. Likiwa limenyonya maji litoe, lakini kiasi kile kile kirudi. Povu la kumimina la kilo 32 kwa mita ya ujazo linabeba kilo 960 hivi kwa kila mita ya ujazo. Mabamba ya polistirini ni rahisi kukata, ila petroli inayayeyusha, kwa hiyo yafunge kwa plastiki nzito. Sitaha iliyoinuliwa inamwinua na mvuvi, hivyo boti inayumba kirahisi zaidi, na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha kiwanda hauongezeki kwa sababu umeweka zulia.

Umeme kwa ufupi. Mota ndogo ya umeme yenye msukumo wa pauni 55 inaweza kuvuta ampea 50. Tumia breka (kikata umeme) ya ampea 60 karibu na betri na waya wa shaba iliyopakwa madini ya bati (tin). Waya hasi urudi kwenye betri kwa waya wake, kamwe si kupitia mwili wa boti.

Rangi: praima (rangi ya msingi) ya kung'ata alumini kwanza, juu ya bati lililosuguliwa na kuoshwa siku hiyo hiyo, maana alumini huanza kujifunika upya mara tu unapomaliza kusugua. Rangi za tumboni za kuzuia magugu zenye shaba zikae mbali kabisa, kwa sababu ile ile ya plaiwudi. Boti inayolala kwenye trela haizihitaji.